Kusafisha Kasiba ya Gobori

Gobori, yaani bunduki ishindiliwayo baruti na risasi kwa mdomoni, ni chombo cha kale, lakini halijatoweka. Katika Tanzania wako wawindaji na walinzi wa mashamba walio nalo hata leo, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 yamtaka kila mwenye silaha ya moto awe na leseni. Leseni hutoka serikalini, bali utunzaji ni kazi yake mwenyewe. Tena si kazi ndogo, kwa maana kutu huila kasiba kutoka ndani, mahali pasipoonekana. Na kasiba iliyoliwa yaweza kupasuka siku ya kupigwa, ikamwondolea mpigaji vidole au jicho.

Basi, kabla ya kuchagua dawa ya kusafishia, yafaa kwanza kuujua uchafu wenyewe. Baruti nyeusi hufanywa kwa vitu vitatu: katika kila sehemu 100, shura ni 75, makaa 15, na kiberiti 10. Iwakapo, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka vumbi gumu. Baadhi yake hutoka pamoja na moshi, na baadhi hugandamana ndani ya kasiba. Vumbi hilo, licha ya masizi, lina chumvi za namna mbalimbali, nazo huvuta unyevu wa hewa. Fataki za kale nazo huacha chumvi iliyo ndugu ya chumvi ya chakula. Kila mtu ajua chuma chenye chumvi na unyevu huwaje.

Watu wengi hudhani kwamba mafuta ndiyo dawa ya kila chuma, hivyo hupitisha kitambaa chenye mafuta ya taa wakaona wamemaliza. Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi kosa hili kwa jambo jepesi. Twaa bilauri mbili. Tia maji katika moja, na mafuta ya kupikia katika ya pili. Tia chumvi kidogo katika kila moja, ukoroge. Majini chumvi itayeyuka; katika mafuta itakaa chini vile vile. Ndivyo ilivyo ndani ya kasiba: mafuta yaliyopakwa juu ya chumvi hayaiondoi, huifunika tu, nayo huendelea na kazi yake chini kwa chini.

Kwa hiyo dawa iliyo bora ni ile iliyo rahisi kuliko zote: maji safi ya vuguvugu na sabuni kidogo. Maji yakitoka meusi yenye uvundo wa mayai viza, usishangae. Ndicho kiberiti kinachotoka.

Ama vitu vya kuepukwa ni hivi. Maji ya bahari yana chumvi, hayafai kamwe. Siki na maji ya ndimu hukila chuma chenyewe. Mchanga hukikwaruza. Petroli haiyeyushi chumvi, tena huweza kuwaka na kuteketeza nyumba. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huleta kutu upesi. Na ikichanganywa na siki au amonia hutoa hewa ya sumu. Hata huko Marekani, ambako wawindaji wengi hutumia bunduki za kushindilia, wako watu wanaochanganya sabuni na spiriti na haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya vidonda itoayo povu. Uchafu hutoka kweli, lakini peroksaidi yaweza kukishika chuma kitupu kikaota kutu. Kisafishacho upesi si lazima kiwe salama.

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. La kwanza, hakikisha gobori halina kitu ndani. Ondoa fataki, elekeza mdomo mahali pasipo mtu, na usisimame mbele yake. Tumbukiza mdeki mpaka ukome, utie alama mdomoni, kisha uutoe na kuulaza juu ya kasiba kwa nje. Ukiona umeishia mbali na mwisho wa kasiba, huenda mna baruti. Acha, umwite fundi wa bunduki mwenye ruhusa.

La pili, likiwa tupu, safisha siku ile ile lilipopigwa. Funga kitambaa penye mdeki, ukichovye katika maji ya sabuni, usugue hata mwisho wa ndani, maana ndiko uchafu ukaako zaidi. Badili vitambaa mpaka kitoke kisafi. Safisha na tundu la kifa, kisha suuza kwa maji matupu. Mti wa bunduki usiloweshwe.

La tatu, kausha kwa vitambaa vikavu, kimoja baada ya kimoja, mpaka cha mwisho kitoke kikavu kabisa. Ndipo upake mafuta mepesi ya mashine ndani na nje. Usitumie samli wala mafuta yenye chumvi.

La nne, kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, kutu imeanza. Rudia kazi yote. Na kabla ya kushindilia tena, futa mafuta, yasije yakailowesha baruti.

Kwa ufupi: maji huondoa, kitambaa hukausha, mafuta hulinda. Apinduaye utaratibu huo huilinda kutu, wala hailindi bunduki yake.