Kijana Aliyedhulumiwa Kingono: Saa za Kwanza na Miezi Inayofuata

Mnamo Februari 2023, BBC ilipeperusha makala kuhusu mashamba ya majani chai hapa Kericho. Zaidi ya wanawake 70 walikuwa wamewaeleza wanahabari kwamba wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Wengine walitakiwa kulala na msimamizi ndipo wapewe kazi. Wengi tulizungumzia waliotenda. Hapa tunamzungumzia aliyetendewa, hasa kijana.

Tuanze na saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Humezwa kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Aliyedhulumiwa Ijumaa usiku akangoja hadi Jumanne asubuhi, saa 72 zimekwisha kumpita. Ni vyema asioge wala kufua nguo alizovaa. Zifungwe kwenye bahasha ya karatasi, si plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Aliyekwisha kuoga aende vilevile, na hata saa zikipita, bado kuna matibabu mengine.

Si lazima kupitia kituo cha polisi kwanza. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho. Majirani zetu wa Bomet wana ile ya Longisa. Mhudumu wa afya atajaza fomu ya PRC, na fomu ya P3 itafuata polisi wakihusishwa.

Jeraha la moyoni huchukua muda mrefu zaidi. Kijana anaweza kuota ndoto mbaya, kushtuka mlango ukigongwa, kuwa mkali bila sababu au kukwepa njia fulani katikati ya michai. Alama zake shuleni hushuka, naye huitwa mvivu. Mvulana huumia vivyo hivyo, ila aghalabu hunyamaza zaidi.

Kuna swali moja ambalo huwatesa wengi: "Mbona sikupiga kelele?" Hofu kubwa inapoingia, mwili unaweza kuganda, sauti ikakataa kutoka na miguu ikakosa nguvu. Mtu hachagui kuganda, na kuganda si kukubali. Mzazi akilielewa hili, hatamuuliza mtoto wake swali hilo. Maneno yanayotosha siku ya kwanza ni machache: "Nakuamini. Kosa si lako." Kisha usimlazimishe kusimulia upya kila shangazi anapofika.

Yanayosaidia baadaye ni mambo ya kawaida: kulala na kula kwa wakati, kurudi shule, kwaya au mpira pale anapojisikia tayari, na kuwa na mtu mzima mmoja anayeaminika. Kumbukumbu ikimvamia ghafla, akanyage chini kwa nguvu na kutaja vitu vitano anavyoviona: mchai, kikapu, ukuta, mbuzi, mawingu. Akili hukumbushwa kwamba tukio limepita. Dalili zikizidi mwezi mmoja, aonane na mshauri nasaha. Akitaja kujidhuru, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na asishangae akiwa nafuu, kisha wito wa mahakama ukamrudisha nyuma kwa wiki nzima. Hilo hutokea.

Kuhusu vikao vya kumaliza mambo nyumbani kwa ng'ombe au pesa: chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kusitisha kesi ni uamuzi wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si wa familia wala wazee. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kusemwa "alikubali". Mtoto hubaki akikutana na mtu yule yule kituo cha kupima majani, huku ng'ombe akiwa zizini kwa babake. Huko kupona kutaanzia wapi?

Kwa msaada piga simu 1195, au 116 kwa mambo ya watoto. Nambari zote mbili hazilipishwi, mchana na usiku.