Mbwa Akimwuma Mtu, Habari Ipelekwe Upesi

Mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji, na jamaa nyingi za Kenya humtegemea usiku. Lakini mbwa huyo huyo, akiachwa azurure bila kuchanjwa, aweza kuleta nyumbani ugonjwa wa kuogofya, nao ni kichaa cha mbwa. Katika Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na hata leo haujakwisha. Duniani hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 waumwao na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Jinsi ugonjwa uingiavyo

Vijidudu vya ugonjwa huu, viitwavyo virusi, hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, au akilamba mahali penye jeraha, virusi huingia mwilini na kusafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa pengine huwa juma moja tu, na pengine mwaka. Siku hizo ndizo nafasi ya kumwokoa mtu. Mgonjwa akisha kuanza kuogopa maji na kuweweseka, karibu hapana tumaini tena.

Mambo ya kufanya

Kwanza, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe majivu, wala mafuta ya taa, wala dawa ya majani.

Pili, aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo hutolewa kwa sindano kadhaa katika siku zilizopangwa, wala haifai kuziacha katikati pasipo shauri la daktari.

Tatu, habari ipelekwe kwa chifu au naibu wake, au kituo cha polisi, au kwa ofisa wa mifugo wa kaunti. Anayepeleka habari aeleze mahali na saa, rangi ya mbwa, mwenyewe ni nani, kama amechanjwa, kama alichokozwa au aliuma bure, ni nani wengine walioumwa, watu na mifugo pia, na ameelekea wapi.

Kwa nini mbwa asiuawe ovyo

Mara nyingi watu wakisikia kilio hutwaa marungu, wakampiga mbwa mpaka afe, kisha wakamtupa kichakani. Hasira yao yaeleweka, lakini wamepoteza ushahidi. Mbwa akiweza kufungiwa mahali salama pasipo hatari kwa mtu, ofisa wa mifugo atamwangalia kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, yajulikana kwamba hakuweza kuambukiza siku aliyouma, na daktari aweza kusimamisha sindano zilizosalia. Akiugua au akifa, basi wote aliowagusa kwa meno watafutwe mara moja.

Ikiwa mbwa amekwisha kuuawa, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, wala kichwa kisipondwe, kwa maana ugonjwa hutambuliwa kwa kupima ubongo. Ofisa aitwe auchukue.

Mbwa wa kushukiwa

Habari isingoje mpaka mtu aumwe. Mbwa aliyebadili tabia, anayeuma vijiti na mawe, anayetokwa na mate mengi, anayepepesuka, au ambaye sauti yake imegeuka, ni wa kushukiwa. Wengine hawawi wakali. Hupooza taya na kujificha gizani, na mtu mwema akitaka kuwasaidia huumwa. Kadhalika, kundi la mbwa wasio na mwenyewe, wanaozunguka sokoni au njia ya shule, litajwe kwa wakubwa wa mahali. Kutega sumu si dawa, kwani yaweza kuua mifugo, hata kumdhuru mtoto.

Kunyamaza ni hatari

Wako wanaonyamaza kwa kuogopa kugombana na jirani. Lakini jirani akipata habari mapema ataweza kuwalinda watoto wake mwenyewe, maana wao ndio wachezao na mbwa huyo kila siku. Mtoto naye huficha jeraha akiogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa au kupita alikokatazwa. Wazazi na walimu wawaambie watoto wazi kwamba anayesema kuwa ameumwa hataadhibiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua, na katika ugonjwa huu neno hilo ni kweli kabisa.

Mwaka 2014 Kenya ilifanya mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Basi kila mwenye mbwa amchanje na kumfunga, na kila aonaye hatari aiseme siku ile ile.