Kuumwa kwa Kifaransa

Muhula uliopita mwanafunzi mgeni kutoka Burundi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo bado, aliugua usiku katika bweni letu. Kiranja aliniamsha nikafasiri, maana nasoma Kifaransa. Mgonjwa akasema, "J'ai mal au cœur." Nami, kwa kujua ya kuwa cœur ni moyo, nikamwambia mwuguzi kwamba moyo wamwuma. Mwuguzi akashtuka, gari likatafutwa limpeleke hospitali. Kabla halijafika mgonjwa akatapika, ndipo nilipofahamu kosa langu. Maneno yale maana yake ni kuona kichefuchefu. Hata sisi husema "moyo wanichafuka," wala hatukusudii moyo wa kifuani! Laiti ningalikumbuka Kiswahili changu, nisingalikosea Kifaransa.

Basi, ili mwenzangu asije akapata aibu kama yangu, naandika haya machache.

Sisi twasema "Kichwa chaniuma". Kichwa ndicho kitendacho. Mfaransa husema kwamba yeye ana maumivu kichwani: J'ai mal à la tête. Maneno j'ai mal hayabadiliki. Yafuatayo ndiyo hubadilika kulingana na jina la kiungo:

J'ai mal à la gorge: koo laniuma (jina la kike).
J'ai mal au ventre: tumbo laniuma (jina la kiume, à na le huungana kuwa au).
J'ai mal à l'oreille: sikio laniuma (jina laanza kwa vokali).
J'ai mal aux dents: meno yaniuma (wingi, à na les huwa aux).

Mwenye maumivu ya kifua hasa na aseme, J'ai mal à la poitrine. Mengine yafaayo ni haya: Je suis malade, mimi mgonjwa, J'ai de la fièvre, nina homa, Je tousse, nakohoa, J'ai vomi, nimetapika. Ukitaka kutaja tangu lini, ongeza depuis: Je suis malade depuis hier, naumwa tangu jana.

Mwisho, mfasiri asione haya kumwuliza mgonjwa, "Où avez-vous mal?" yaani, "Waumwa wapi?" kisha amwache aonyeshe kwa kidole. Usiku ule sikuuliza, nami nilikuwa nimesimama karibu na kitanda chake. Wazee walisema kweli: kuuliza si ujinga.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV