Nguo, Cheo na Kiapo

1. Vyeo vya msafara

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kwenda pwani alikwenda kwa miguu, na mzigo uliotoka pwani ulifika begani mwa mtu. Njia ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote wapata maili 750.

Msafara haukuwa kundi la watu waendao ovyo. Ulikuwa na vyeo vyake, na kila mtu alijua mahali pake. Mbele alikwenda kirangozi. Huyu alivaa joho jekundu, na kichwani alijipamba kwa manyoya, ili aonekane kwa mbali. Mtu aliyethubutu kumtangulia njiani alitozwa faini. Kisha walikuwapo wanyampara, ambao kila mmoja aliwasimamia watu wake, na askari wenye bunduki. Nao wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua mizigo ya ratili 60 au 70 kila mmoja, ya nguo, shanga, waya na pembe za ndovu.

Sasa fikirini jambo moja. Je, kirangozi alikuwa kirangozi kwa sababu ya joho lake? Mvueni joho lile, mkamvike mtu asiyejua njia. Msafara mzima utapotea nyikani, na joho jekundu halitawaonyesha watu kisima. Joho lilikuwa alama tu. Kilichomfanya kirangozi ni kuijua njia, na kukubali kuwaongoza wenzake mpaka mwisho wa safari.

Shikeni neno hili, maana katika somo hili tutasoma habari za vyama vya Wakatoliki vilivyokuwa na nguo zake, vyeo vyake na viapo vyake. Watu wa baadhi ya vyama hivyo walipita katika njia hii yetu ya Tabora, na njia ikawajaribu.

2. Askari wa Mtakatifu Yohane

Zamani sana, katika mji wa Yerusalemu, palikuwa na nyumba ya kuwatunzia wagonjwa na wasafiri. Ndugu walioitunza nyumba ile walifanya chama, na mwaka 1113 Papa Paskali wa Pili alikithibitisha. Kikaitwa chama cha Mtakatifu Yohane. Baadaye ndugu hao walishika silaha pia, wakawa askari.

Chama hicho kilikuwa na daraja tatu. Daraja la kwanza ni askari wa kiungwana, wapandao farasi. Mtu hakuweza kuingia daraja hilo ila aonyeshe kwamba wazee wake walikuwa watu wa ukoo mkubwa. Daraja la pili ni mapadre. Daraja la tatu ni ndugu watumishi. Juu ya wote alikuwako Mkuu mmoja, ambaye walimchagua wenyewe. Nguo yao ilikuwa joho jeusi lenye msalaba mweupe wa ncha nane. Kiapo chao kilikuwa kuishi katika ufukara, usafi wa moyo na utii, na kuwatumikia wagonjwa.

Mwaka 1530 walikaa katika kisiwa cha Malta, wakakitawala mpaka mwaka 1798, Napoleon alipowatoa. Huko Malta walijenga hospitali kubwa iliyosifiwa katika Ulaya yote, na hata ndugu wa ukoo mkubwa walipaswa kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yao wenyewe. Hayo ni mema, na yafaa kusifiwa. Lakini kweli isemwe yote: makasia ya merikebu zao za vita yalivutwa na watumwa waliotekwa baharini. Basi ndugu wale wale, chini ya msalaba ule ule mweupe, waliwaosha wagonjwa na kuwafunga watu minyororo. Nguo nzuri yaweza kufunika mema na mabaya pamoja.

Kikumbukeni kisiwa hicho cha Malta. Tutakirudia.

3. Nguo nyeupe yafika Tabora

Mwaka 1868, huko Algeria, Askofu Mkuu Charles Lavigerie, aliyepata kuwa Kardinali baadaye, alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika. Hakuwapa nguo nyeusi kama ya mapadre wa Ulaya. Aliwapa kanzu nyeupe na joho jeupe, namna ya nguo za watu wa Algeria, na kofia nyekundu. Shingoni walivaa rozari. Ndiyo sababu watu waliwaita Mapadre Weupe.

Shirika lao halikuulizia ukoo wa mtu. Lilikuwa na mapadre, na mabruda wenye kazi za mikono, kama useremala na ujenzi. Kila mmoja alijaribiwa kwanza, kisha aliapa kuitumikia misioni ya Afrika siku zote za maisha yake.

Mwaka 1878 kumi wa kwanza walitumwa katika nchi za maziwa makuu. Waliondoka Bagamoyo kwa miguu, wakaifuata njia ya misafara. Kabla hawajafika Tabora, Padre Pascal, mkuu wa wale waliokwenda Tanganyika, alikufa kwa homa. Waliobaki walifika Tabora, wakaagana. Wengine walishika njia ya kaskazini kwenda Nyanza na Buganda, wengine walikwenda magharibi, wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Baadaye, karibu na mji wa Tabora, Mapadre walifanya kituo cha Kipalapala, wakawatunza huko watoto waliokombolewa katika utumwa. Mwaka 1889 iliwabidi kukiacha kituo hicho. Lakini mahali penyewe hapakusahauliwa: mwaka 1925 seminari kuu ilianzishwa Kipalapala.

Mtu wa Tabora aliyezoea kuona kanzu na kofia nyekundu za watu wa pwani, pengine hakuishangaa sana nguo ile. Ilimpasa kuwatazama wenye kuivaa, aone wanafanya nini.

4. Kapteni Joubert

Pamoja na Mapadre walikuja askari wachache. Hao walikuwa wameitwa Mazuavu, yaani askari wa hiari wa Papa. Siku zile Papa alikuwa bado anatawala nchi yake katika Italia, na vijana Wakatoliki wa Uholanzi, Ufaransa, Ubelgiji, hata Kanada, walikwenda kumlinda. Walivaa koti fupi la rangi ya kijivu na samawati, suruali pana, na mshipi mwekundu kiunoni. Ajabu ni kwamba nguo hiyo, na jina lenyewe, asili yake ni Afrika. Wazuawa ni kabila la milimani katika Algeria. Wafaransa waliiga namna yao ya kuvaa, na askari wa Papa wakaiga kwa Wafaransa.

Tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la mfalme wa Italia liliingia Roma, na jeshi la Mazuavu likavunjwa. Nguo ikabaki, jeshi halipo. Vyeo vikabaki, hapana wa kuamriwa. Wengi walirudi makwao, wakaitundika ile nguo ukutani.

Mmoja wao aliitwa Joubert, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1842. Alikuwa ameingia jeshi la Papa mwaka 1860, akajeruhiwa vitani mwaka ule ule, kisha akapanda cheo mpaka kuwa kapteni. Mwaka 1880 alijitoa kwa Lavigerie, akaja Afrika kuzilinda misioni za Ziwa Tanganyika zisiangamizwe na watekaji wa watumwa. Kazi hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 1881, huko Rumonge katika Burundi, Padre Deniaud, Padre Augier na D'Hoop, ambaye naye alikuwa Zuavu, waliuawa siku moja.

Joubert alirudi Ulaya mwaka 1885, lakini mwaka uliofuata alikuja tena. Mwaka 1887 alikaa Mpala, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Huko hakuwa na kikosi cha Mazuavu. Aliwafundisha vijana wa kule kule kuvilinda vijiji vyao. Alipigana, na vita ni vita: watu walikufa. Mwaka 1891 hali yake ilikuwa ngumu, maana watekaji walikuwa wamemsonga, mpaka msaada ulipofika chini ya Kapteni Jacques, Mbelgiji.

Mwaka 1888 alikuwa amemwoa Agnes Atakao, binti wa nchi ile, wakazaa watoto. Vita vya watekaji vilipokwisha, hakuna aliyemlazimisha kukaa. Hata hivyo alikaa, akazeeka pamoja na watu wake, akafa mwaka 1927, mwenye miaka 85. Jeshi lililompa cheo cha kapteni lilikuwa limekwisha miaka 57 kabla ya kufa kwake. Watu wa ziwa hawakumheshimu kwa ajili ya jeshi lile, wasilolijua. Walimheshimu kwa sababu alikaa nao.

5. Chama kilichodumu muda mfupi

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya, akahubiri Paris, London na Brussels juu ya maovu ya biashara ya watumwa. Kisha mwaka 1891, huko Biskra, ukingoni mwa jangwa la Sahara, alianzisha chama kipya, Ndugu Wenye Silaha. Kazi yao iwe kuwapokea watumwa waliokimbia, na kuwatunza wagonjwa. Alikumbuka mashujaa wa zamani. Aliwapa ndugu hao nguo nyeupe yenye msalaba mwekundu, na vijana wengi waliomba kuingia.

Lakini jangwa ni kali, fedha ilikuwa haba, na kazi yenyewe ilipingwa. Mwaka 1892 chama kilivunjwa. Kardinali mwenyewe alikufa mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Hatuwacheki vijana wale. Lakini twajifunza kwamba nguo hushonwa kwa siku chache, na cheo hutolewa kwa neno moja, bali kazi ya kuwaokoa watu yataka miaka mingi.

6. Mganga wa Karema

Sasa turudi Malta. Katika kisiwa kile kile cha askari wa Mtakatifu Yohane, Lavigerie aliwapeleka vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wajifunze uganga. Mmoja wao ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha.

Chama cha zamani kisingalimpokea Atiman katika daraja lake la kwanza, kwa maana ukoo wake ulikuwa umekatwa na watekaji, na watu wa namna yake walivuta makasia. Lakini yeye alijifunza kazi ambayo chama kile kiliapa kuifanya tangu mwanzo, yaani kuwatumikia wagonjwa.

Mwaka 1888 alisafiri pamoja na Wamisionari, na mwaka 1889 alifika Karema, upande huu wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Hakuwa padre wala bruda. Alikuwa katekista na mganga, akaoa binti wa mtemi wa kule. Mwanawe mmoja alipata kuwa padre. Atiman aliwatibu watu wa Karema na vijiji vyake chini ya Wajerumani, kisha chini ya Waingereza. Alipofika, watumwa walikuwa bado wanauzwa. Mwaka 1922 sheria ilipoukomesha utumwa katika Tanganyika, yeye alikuwa bado anafunga vidonda. Alikufa huko huko Karema mwaka 1956, baada ya kazi ya miaka 67.

Katika uzee wake alipewa nishani za heshima. Zilikuwa haki yake. Lakini angalieni ni kipi kilichotangulia. Kazi ilikuja kwanza, nishani ikaifuata.

7. Neno kwenu

Ninyi nanyi mna vyama vyenu na vyeo vyenu. Yuko kiranja wa darasa, yuko mpiga ngoma wa shule, yuko mtumikiaji wa altare avaaye kanzu nyekundu na nguo nyeupe juu yake. Nimeona mara nyingi mtoto akililia kile cheo, na akiisha kupewa, yuko mbio kutafuta mshipi mpya, lakini maji ya darasa hayachoti.

Nguo si kitu kibaya. Hutufanya tujulikane, nayo hutukumbusha tulichoahidi. Cheo nacho chafaa, maana kundi lisilo na vyeo halifiki mbali. Lakini siku ya homa, siku ya njaa, siku jeshi linapovunjwa, nguo na cheo haviwezi kumzuia mtu asikimbie. Kinachomzuia ni kiapo chake. Wazee wetu wamesema: ahadi ni deni. Kirangozi aliilipa alipofikisha msafara. Joubert aliilipa Mpala. Atiman aliilipa Karema.

Basi, kabla hujaomba nguo ya chama chochote, uliza kwanza: wenye kuivaa wameahidi nini, na mimi je, nitaweza kuilipa?

Maswali

1. Taja vyeo vya watu wa msafara. Kila mmoja kazi yake nini?
2. Chama cha Mtakatifu Yohane kilikuwa na daraja gani? Ni nani aliyeweza kuingia daraja la kwanza?
3. Nguo ya Mapadre Weupe ilifanana na nguo za watu gani?
4. Jeshi la Mazuavu lilivunjwa lini? Joubert alifanya nini baadaye?
5. Kwa nini mwandishi asema kwamba Atiman alifanya kazi ya chama ambacho kisingalimpokea?
6. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: “Ahadi ni deni.” Toa mfano wa shuleni kwenu.