Mlangoni Ndipo Wanapokuchomolea

Abiria wengi wa Dar es Salaam hukumbuka kushika mkoba wakishapata kiti, na hapo mara nyingi wamechelewa. Kibaka anataka msongamano, kisingizio cha kukugusa, na akili yako iwe kwingine, na vyote hivyo anavipata mlangoni mwa daladala. Saa moja asubuhi Mbagala, au jioni watu wanapotoka Kariakoo, mikono iko juu ikitafuta bomba na kila mtu anamsukuma aliye mbele yake. Mwili uliobanwa pande zote hauhisi vidole viwili mfukoni. Mara nyingi hawaji peke yao: mmoja anasimama ghafla kwenye ngazi kama aliyeangusha kitu, wa nyuma yako anachomoa, wa tatu anapokea na hapandi kabisa. Ndiyo maana hata ukimdaka aliyekugusa, humkuti na kitu.

Kwa hiyo jipange gari likiwa bado halijafika. Nauli itenge tangu nyumbani, kwa sababu anayefungua pochi kituoni amekwisha kuonyesha pesa zilipo. Simu iingie ndani ya mkoba, zipu ifungwe, mkoba uje kifuani na kiganja kikae juu ya zipu. Mfuko wa nyuma wa suruali ubaki mtupu.

Wapo watakaosema kwamba daladala halimsubiri anayejipanga. Kweli, halisubiri, lakini kazi hii inafanyika wakati wewe ndiye unayelisubiri. Wengine wanaona kukumbatia mkoba ni kuwashuku abiria wenzao. Tunaiheshimu hoja hiyo, ila mkoba ulio mbele haumtuhumu yeyote, tena unampa nafasi aliye nyuma yako. Inayotutia hofu zaidi ni kauli ya "mimi sina cha kuibiwa." Tangu huduma za pesa kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, hata kisimu cha batani hubeba akiba ya mwezi mzima, na pengine michango ya kikoba ambayo si yako peke yako. Namba ya siri ikiwa ni mwaka wako wa kuzaliwa, au imeandikwa kwenye karatasi nyuma ya kava, mwizi hana haja ya kubahatisha.

Ukigundua umeibiwa, usipige kelele za mwizi. Umati ukishapandwa na hasira hauulizi ushahidi, na watu wameuawa hivyo, wengine bila hatia. Mwambie konda. Azima simu ya jirani mwenye laini ya mtandao kama wako, piga 100 huduma kwa wateja, uombe laini na akaunti ya pesa vifungwe kabla hujaanza kumtafuta mtu. Baada ya hapo nenda kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako, ukiwa na namba ya utambulisho wa simu, IMEI, ya tarakimu 15 inayojitokeza ukibonyeza *#06#. Iandike leo, uiache nyumbani.