Rufaa ya Mkanda wa Tairi: Ushahidi Kwanza, Hoja Baadaye

Mchunguzi wa Ofisi ya Hataza ya Marekani akiukataa ubunifu wako wa mkanda wa tairi kwa kuwa fundi wa kawaida angeweza kuufikia mwenyewe, usikimbilie rufaa. Kagua jalada kwanza. Ukishawasilisha notisi ya rufaa, nafasi ya kuingiza ushahidi mpya hubana sana. Na mkifika Mahakama ya Federal Circuit, majaji huamua kwa yale tu yaliyomo jaladani. Matokeo ya majaribio na kiapo cha mtaalamu viwemo mapema, kwa sababu maneno ya wakili si ushahidi.

Kisha ichambue sababu ya kukataliwa. Tuseme mchunguzi amechukua tairi lenye mikanda miwili ya nyaya za chuma zinazopishana, akaliongezea tabaka la nailoni kutoka hataza nyingine. Tangu kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, 2007, halazimiki kuonyesha andiko linaloagiza muungano huo. Lakini lazima aeleze ni kipi kingemsukuma fundi kuviunganisha, na hapo ndipo pa kumbana. Nailoni ile iliwekwa ili kuzuia kingo za mkanda zisiachane, au kwa shida nyingine kabisa? Ikiwa hataza hiyo inaonya dhidi ya njia yako, nukuu aya nzima. Kupendelea tu njia nyingine si onyo.

Kwenye namba ndiko wengi huangukia. Dai lako likitaja pembe ya nyaya ya digrii 18 hadi 28, na hataza ya zamani 15 hadi 30, kupishana huko pekee kunampa mchunguzi msingi wa kukataa. Dawa yake ni matokeo yasiyotarajiwa, ila tairi moja la digrii 22 haliwezi kutetea masafa yote. Pima karibu na kila ncha, ndani na nje yake, ukilinganisha na tairi la hataza ya zamani lililo karibu zaidi na lako, si la dukani. Ningepeleka fedha nyingi hapa kuliko kwenye kurasa za hoja.

Mauzo makubwa husaidia, mradi uonyeshe kwamba wanunuzi waliufuata mkanda, si bei.

Maelezo ya rufaa hutakiwa ndani ya miezi 2 tangu notisi. Kutoka Bodi ya rufaa ya Ofisi hiyo ya Hataza, inayoamua rufaa yako kwanza, kwenda Federal Circuit una siku 63. Kila dai lenye nguvu yake lipe kichwa chake cha hoja, la sivyo litaanguka pamoja na lililo dhaifu.