Dondoo muhimu: Kufufua Land Rover ya zamani

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, inafufulika hata ukiwa Bunda, mradi uende nayo kidogo kidogo.

1. Kabla ya kulipa, linganisha namba za chesisi na injini na zilizo kwenye kadi, kisha badilisha umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA) mapema.
2. Lala chini ya gari. Sehemu kubwa ya bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma. Chesisi ni chuma, na tope jeusi la mbuga likigandia ndani huila polepole. Igonge kwa nyundo ndogo: panapotoa sauti butu pamekwisha.
3. Anza na breki na usukani. Rangi iwe ya mwisho. Wengi humalizia fedha kwenye rangi, gari likabaki uani.
4. Usifungue gari zima kwa mpigo.
5. Piga picha nyaya kabla ya kuzichomoa.
6. Usitupe spea ya zamani kabla mpya haijakaa sawasawa.
7. Usichomelee karibu na tangi la mafuta.
8. Usikimbilie injini ya gari jingine. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ni rahisi kutengeneza.
9. Liendeshe kila wiki, hata hadi Musoma: likisimama muda mrefu, mipira ya breki hukauka na kuvujisha.